Shemeji wa Ukurasa wa Tisini na Moja

Mlioniandikia barua za matusi baada ya kusoma yaliyotangulia, mmenitukana kidogo. Mmoja ameniita mnafiki. Mwingine ameniita fundi wa kujihurumia. Someni ya leo, ndipo mtajua mlinipunja.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo ni haya. Nilikuwa karani wa stoo katika karakana ya kushona sare za shule na hospitali. Miaka miwili iliyopita karakana ilishika moto, mchana kweupe. Moto ulianzia kwenye meza ya kupigia pasi, jirani na mlango wa mbele, kwa hiyo washonaji wakakimbilia mlango wa pili, ule unaopitia stoo yangu hadi uani. Waliukuta umefungwa kwa ufunguo.

Hakufa mtu. Wanawake kumi na moja walitokea dirishani, baada ya msimamizi wao kuvunja kioo kwa pasi. Lakini mshona vifungo aliangukia saruji akavunjika nyonga, na hadi leo anatembelea magongo.

Ufunguo wa mlango ule ulikuwa na pacha wake mmoja tu. Mmoja alikuwa nao msimamizi, ambaye ni mke wa kaka yangu. Mimi humwita shemeji, naye huniita shemeji, maana neno lenyewe huenda na kurudi. Ufunguo wa pili nilikuwa nao mimi.

Kisha nikaandika riwaya kuhusu moto ule. Jina lake silitaji, nisije nikaonekana naipigia debe. Ndani yake mlango unafungwa na mtu anayeitwa Shemeji tu, basi. Watu wakaipenda, wakaulizana Shemeji ni nani, wakajijibu wenyewe. Mwandishi ni mwanamume, ana kaka, kaka ana mke, mke alikuwa na ufunguo. Hawakuhitaji zaidi ya hapo.

Tajiri mwenye karakana akamvua shemeji yangu usimamizi. Akamwita ajieleze mbele ya washonaji wote, Jumatatu saa nane mchana. Akishindwa, kazi hana, na jina lake linapelekwa polisi.

Hapo ndipo tulipoachana. Leo ni hiyo Jumatatu.

*

Kaka alifika kwangu asubuhi akiwa na mfuko wake wa spana. Kaka ni fundi bomba, na tangu aache shule hajawahi kumaliza kitabu. Changu alikimaliza.

"Mdogo wangu," alisema, hata kukaa hakukaa, "umekula kwa yule mwanamke miaka minne."

"Najua, kaka."

"Amekufulia mashati."

"Najua."

"Basi nijibu kitu kimoja. Haya uliyoyaandika ni kweli au si kweli?"

Mtu mwenye akili zake angejibu kwa neno moja. Mimi nilikunja mguu juu ya mguu.

"Kaka, riwaya haiulizwi hivyo. Mwandishi anachukua matukio yaliyotokea, anachukua na maisha yake mwenyewe, anayachanganya, halafu kinatoka kitu cha tatu."

Alinitazama kama anavyotazama bafu lililojengwa na mtu asiyejua kazi.

"Mimi nikiitwa kwenye nyumba ya mtu," alisema, "nauliza bomba linavuja au halivuji. Sijawahi kuambiwa kuna kitu cha tatu."

"Nitakwenda kwa tajiri sasa hivi. Nitamwambia nimebuni yote."

"Mwambie na aliyefunga, kama unamjua."

Akachukua mfuko wake akaenda zake. Nilibaki nikijisikia nafuu kwamba sikulazimika kusema uongo, kana kwamba kunyamaza kulikuwa na usafi wowote.

*

Ofisi ya tajiri ina feni mbili, na inayozunguka ni moja. Kitabu changu kilikuwa mezani pake, kipya kama kilivyotoka kiwandani, isipokuwa ukurasa wa tisini na moja, uliokunjwa pembe. Mengine hakuyasoma. Jasho langu la mwaka mzima, yeye alikuwa na haja na mistari minne.

"Bosi, nimekuja kukueleza kwamba kile kitabu ni cha kubuni."

"Karibu, mwandishi. Kaa."

Akafungua droo, akatoa kipande cha gazeti kilichokatwa kwa mkasi vizuri kabisa, mkasi wa karakana nadhani.

"Nisomee hapo nilipopiga mstari. Macho yangu siku hizi si mazuri."

Nikasoma: "Sikubuni kitu. Maisha ndiyo yaliyoandika, mimi nilinakili tu."

"Nani kasema?"

"Mimi, bosi."

"Ulikuwa umelewa?"

Sikuwa nimelewa. Ilikuwa siku ya uzinduzi, na mwandishi wa habari aliniuliza swali zuri, kwamba matukio ya kweli yana nafasi gani katika riwaya yangu. Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nimevaa skafu, kwenye joto lile, nikaona skafu inadai jibu zito. Nikaropoka sentensi hiyo, watu wakapiga makofi, nami nikairudia polepole ili iandikwe vizuri.

Tajiri alirudisha kipande chake kwenye droo.

"Miaka miwili watu wananinyooshea kidole mimi," alisema. "Karakana haina mlango wa dharura, karakana ni mtego, tajiri hana utu. Wewe umekuja kuwaonyesha kwamba mlango ulikuwepo. Mbaya ni mtu. Umenisaidia sana."

Akanisindikiza hadi nje akiwa amenishika bega. Katika maisha yangu yote ya ukarani hakuwahi kunisindikiza.

*

Sasa sogeeni karibu, mlioniita mnafiki.

Mlango niliufunga mimi.

Siku ya moto nilikuwa stoo naandika. Si riwaya hii. Nilikuwa naandika nyingine, ya mfalme mmoja aliyempenda binti wa waziri wake, jambo ambalo hakuna mtu duniani aliyeniomba nilishughulikie. Nilikuwa naandika saa za kazi, kwa kalamu ya kazi. Kila nilipofika mahali patamu nilikuwa nageuza ufunguo mara mbili, ili tajiri asinikute.

Niliposikia harufu ya moshi nilitoka mbio kupitia uani. Ufunguo niliuacha kwenye kitasa, umegeuzwa, kwa hiyo ule wa shemeji usingeingia kutoka upande wao. Mkononi nilikuwa na kitu kimoja, daftari. Wanawake kumi na moja walibaki ndani, mfalme akaokoka.

Baadaye nilisema nilikuwa nje napokea mzigo wa nyuzi. Tajiri akasema mlango ulijifunga wenyewe kwa joto, kwa sababu ndivyo ilivyomfaa wakati ule. Hakuna aliyeniuliza mara ya pili.

Mfalme hakuandikika tena. Kila nilipokaa, waliokuja ni wale wanawake. Nikageuza daftari lilelile upande wa pili nikaanza upya. Na ili msije mkadhani sikuwa na aibu hata chembe, sikilizeni nilivyofanya. Anayesimulia riwaya ile si mimi. Ni mwanamke, msimamizi wa washonaji, mwenye mume. Shemeji anayefunga mlango ni mdogo wa mumewe.

Ndiyo, nilijiandika. Nilimpa shemeji yangu mdomo ili anishitaki, maana kujishitaki mwenyewe kulinishinda. Nikajiona jasiri ajabu.

Lakini lugha yetu haina haja ya kusema huyu ni mke au mume kila mtu anapokohoa. Unaweza kusema "nilikwenda, nikaona, nikalia" kurasa mia mbili na asijulikane anayelia ana ndevu au hana. Katika kitabu kizima, kitu kilichoonyesha kwamba msimulizi ni mwanamke ni maneno mawili, "mume wangu," na yalitokea mara tatu tu.

Hapo ndipo anapoingia Miwani.

Miwani ni mhariri wangu wa kitabu. Ana miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, na bado hajaona kitu. Alinipigia mstari mwekundu mara tatu.

"Hapa umeandika mume wangu," aliniambia siku hiyo. "Wewe una mume?"

"Anayesimulia ni mwanamke."

"Picha yako iko nyuma ya jalada, na ndevu zako. Watu watacheka kabla hawajafika kwenye moto. Weka mwenzangu."

"Nikiweka mwenzangu, Shemeji atakuwa nani?"

"Atakuwa yeyote yule. Ndiyo raha ya kitabu."

Mtasema sikuona hatari. Niliiona. Niliiona palepale, kalamu ikiwa mkononi mwangu. Niliona kwamba "mwenzangu" itanitoa mimi ndani ya kitabu na kumwingiza mtu mwingine, na mtu huyo ningeweza kumtaja kwa cheo, kwa nguo anazovaa na kwa namna anavyokunywa chai yake. Kisha nikajiambia wasomaji ni waerevu. Nikaweka sahihi mara tatu.

Baada ya kutoka kwa tajiri nilimpigia Miwani simu.

"Rudisha mume wangu," nilimwambia.

"Kitabu kimeshachapwa mara ya pili, ndugu yangu. Watu wanakizungumzia kwa sababu ya Shemeji. Hicho kikao ni saa ngapi?"

"Saa nane."

"Nakuja na mpiga picha."

*

Nilimkuta shemeji nje ya geti la karakana, amekaa kwenye benchi la wageni. Miaka kumi na tatu alikuwa anapita geti lile bila kumtazama mlinzi. Siku hiyo aliandikishwa jina kwenye daftari la wageni, na mlinzi, maskini, hakuweza kumwangalia usoni.

Nilikaa pembeni yake. Mkobani nilikuwa na daftari langu. Sijui nililibeba kwa nini. Labda nilitaka nikijihesabia mambo mema niliyokusudia, nalo liwemo.

"Shemeji, pole," nilisema.

"Nimeshapoa."

Alikuwa na nakala yake ya kitabu mapajani, imefunikwa karatasi ya kaki kama daftari la shule. Ndivyo alivyo, hafungui kitabu kabla ya kukivalisha.

"Nimekisoma mara mbili," alisema. "Umeandika vizuri. Yule anayesimulia anapiga pasi kwa mkono wa kushoto."

"Ndiyo."

"Karakana nzima, anayepiga pasi kwa mkono wa kushoto ni mimi."

Nilitazama viatu vyangu. Sikukumbuka kwamba nimeandika hilo. Miwani naye lilimpita.

"Kuna jambo moja limenikosesha raha," aliendelea, sauti ileile ya chini. "Ukurasa wa tisini na moja. Anasema alisikia kitasa. Nani alikwambia kwamba nilisikia?"

"Hakuna mtu, shemeji. Hilo nilibuni. Walahi hilo nilibuni."

"Hukubuni."

Miaka miwili nilikuwa namzunguka mwanamke huyu mezani kwake, namwambia chumvi imekolea, namwambia chai nzuri. Naye ananiongezea, na muda wote anajua. Kitu pekee nilichojivunia kwamba nimekitunga, kumbe kilikuwa kimekaa kwake kabla yangu.

"Mbona hukusema?"

"Kaka yako angefanyaje? Nilisema nikungoje. Nilipoona unaandika kitabu, nikasema sasa anasema. Nilinunua siku ya kwanza kabisa." Alisimama, akanyoosha gauni lake. "Kikao bado hakijaanza. Una dakika kumi, shemeji."

Dakika kumi ni nyingi. Mimi nilizitumia kufunga na kufungua zipu ya mkoba.

*

Cherehani zilikuwa zimesukumwa ukutani. Washonaji walikaa kwenye viti vyao vya kazi, mshona vifungo mbele kabisa, magongo yake yamelala sakafuni. Alipomwona shemeji anaingia aligeuza uso. Hilo lilinichoma kuliko lote, kwa sababu ni shemeji aliyemvuta kutoka chini ya dirisha siku ile. Kitabu changu ndicho kilichomgeuza uso.

Kaka alisimama mlangoni na mfuko wake wa spana. Miwani alikaa nyuma yangu, na mpiga picha wake alikuwa anatafuta mwanga.

Tajiri alianza na mimi. "Mwandishi yupo, tumshukuru kwa kufika. Una lolote la kusema kabla hatujaendelea?"

Nafasi ile sikuiomba, nililetewa kwenye sahani. Nilisimama nikasema hivi, na mniwie radhi kwa kuyarudia: "Riwaya ni kazi ya sanaa. Tusiichukulie moja kwa moja."

Nikakaa. Mtu mmoja wa nyuma alipiga kofi moja, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Basi," alisema tajiri, "tusome wenyewe. Ukurasa wa tisini na moja." Akavaa miwani yake, akavua, akakumbuka macho yake.

"Nitasoma mimi," alisema shemeji.

"Wewe?"

"Si mimi ninayeshitakiwa? Acha nisome kosa langu."

Alisimama katikati ya chumba, pale pale penye meza yake ya zamani. Akafungua kitabu chenye kaki. Akasoma kama anavyowasomea washonaji vipimo, taratibu, bila mbwembwe:

"Nilisikia kitasa. Shemeji aligeuza ufunguo mara mbili, kama kawaida yake. Mwenzangu aliponiuliza ni nani aliyefunga, nilimwambia sijui, kwa sababu kuna majina hayatajwi mezani."

Akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani.

Nimewahi kuyasoma maneno yale mbele ya watu mara nyingi, nikiwa na skafu. Kinywani mwangu yalikuwa na maana moja. Kinywani mwake yaligeuka, bila kubadilishwa herufi.

Wa kwanza kuliona hakuwa tajiri wala Miwani. Alikuwa mshona vifungo.

"Hebu rudia, dada," alisema. "Hapo penye shemeji."

"Shemeji aligeuza ufunguo mara mbili."

Mshona vifungo akawa anahesabu kwa vidole, kama anayepanga vifungo kwenye shati.

"Mwanamke akisema shemeji," alisema, "huyo ni mwanamume. Angekuwa mwanamke mwenzake angemwita wifi."

"Na anayesimulia ni mwanamke?" aliuliza mmoja.

"Anapiga pasi kwa kushoto kitabu kizima. Mimi nilidhani mwandishi amekosea."

Kaka, pale mlangoni, aliweka mfuko wake chini polepole sana, na spana zikalia hata hivyo. Alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa ananitazama kama anayefuata bomba ukutani kwa macho, kuona linaelekea wapi.

"Sasa huyo shemeji ni nani?" aliuliza tajiri, na sauti yake haikuwa na furaha ya asubuhi.

Shemeji yangu hakuninyooshea kidole. Alinigeukia tu.

"Shemeji," aliniita, kwa sauti ileile anayoniitia chakula kikiwa tayari, "unaulizwa."

Nilisimama. Miwani alinishika shati kwa nyuma, akaninong'oneza: "Sema anayesimulia ni wewe. Ndivyo kilivyochapwa. Hakuna wa kukupinga."

Kweli, hakuna ambaye angenipinga. Ningesimama na ndevu zangu, nisome maneno yaleyale kwa sauti yangu, na Shemeji angerudi kuwa yule aliyesimama mbele yangu. Kitabu kilichapwa hivyo, na sahihi mara tatu ni zangu.

Shemeji alipita katikati ya viti, akanikabidhi kitabu chake, kidole chake kikanionyesha mstari.

"Soma na wewe," alisema, "tusikie."

Nikakishika kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili, sijui ni saa ngapi nilifungua zipu, nilikuwa nimeshika daftari, limefunguka pale pale, penye maneno yaleyale kwa wino wa karakana. Kurasa hizo mbili zilitofautiana mahali pamoja tu.

Nilikohoa. Nikasoma: "Nilisikia kitasa. Shemeji aligeuza ufunguo mara mbili, kama kawaida yake."

Kinachofuata, kwenye kitabu ni "mwenzangu," kwenye daftari ni "mume wangu." Yote mawili yanaanza na m.

Nikafumba midomo kuitamka hiyo m.